Kitabu Chenye Milango Miwili

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mashine wala kiti. Nilipewa karatasi kubwa tupu, pana kama kitambaa cha meza, na penseli. Aliyenikabidhi ni Mzee Jayanti, mwenye kiwanda na msimamizi wa kila kitu ndani yake, Mhindi wa Kisumu aliyeanza kuchapa kadi za harusi kabla mimi sijajua kusoma. Kiwanda chake kilikuwa Peckham, huku kwa Waingereza, ndani ya tao la reli. Kila treni ilipopita juu ya vichwa vyetu, wino ulitetemeka ndani ya kopo.

"Kunja mara tatu," aliniambia kwa Kiswahili. "Halafu andika namba za kurasa, moja mpaka kumi na sita. Ukimaliza, fungua yote uitandike."

Nikakunja, nikaandika, nikaitandika. Nilishtuka. Ukurasa wa kwanza ulikuwa jirani ya ule wa mwisho, na nusu ya namba zilisimama kwa vichwa.

"Nimeharibu," nikasema.

"Bado. Umefika sasa hivi, utaharibu saa ngapi?" Akaikunja tena karatasi yangu, akaipitishia kisu pembeni, na namba zote zikafuatana kama wanafunzi kwenye foleni. "Hivi ndivyo kitabu kinalala, Rehema. Ukikikunja, kila ukurasa unaamka mahali pake. Lakini wewe, mbona umeanzia nyuma?"

Nilitazama. Kweli, uti wa kijitabu changu ulikuwa upande wa kulia. Nilikuwa nimekunja kama vitabu vya baba yangu kule Tanga, vya herufi za Kiarabu, ambavyo jalada lake la mbele ni lile ambalo kwa watu wengine ni la nyuma. Mikono ilikumbuka yenyewe.

"Hiki ni cha msikitini," alisema Mzee Jayanti akicheka. "Wateja wangu wengi ni watu wa kanisani. Geuza."

Nikageuza. Niliajiriwa.

Nyinyi mnaobonyeza kitufe na kurasa zikatoka zimeshapangwa, mniwie radhi nikieleza tulivyofanya. Maandishi yalitoka kwenye vipande virefu vya karatasi laini. Tuliyakata kwa wembe, tukayabandika kwa gundi kwenye ubao, mstari kwa mstari. Ubao ukapigwa picha, ikatoka filamu. Filamu ikawekwa juu ya meza ya mwanga, yaani meza ya kioo yenye taa chini yake, tukaikagua kwa lenzi ndogo ya mkononi. Kutoka kwenye filamu tulitengeneza sahani, bati jembamba linalovishwa mashine. Treni ikipita wakati unabandika, unainua mkono na kusubiri, la sivyo mstari unakwenda upogo. Wageni walidhani tunaomba dua.

Nilianza kwenye meza ya kukunja, nikapandishwa kwenye meza ya mwanga, kisha nikakabidhiwa kulaza kurasa, kazi ile ya karatasi yangu ya kwanza. Kulaza kurasa ni kupanga zile zilizosimama na zile zilizopinduka ili zikikunjwa zifuatane. Niliipenda kazi hiyo kuliko chakula.

Na wateja! Asilimia kubwa walikuwa Wayoruba wa Peckham, waliotoka pande za Lagos, na sijaona watu wanaopenda kuchapa kama wao. Kwetu, mtu akifariki tunaandika jina, saa ya mazishi, basi. Wao mama mzee akifariki akiwa na wajukuu na vitukuu, wanataka kijitabu kizima cha rangi ya zambarau na dhahabu: picha za mama akicheza muziki, mama na kilemba kirefu kama mnara, ukoo wake tangu mababu, sifa za nyumba yao zilizopangwa mistari mifupi mifupi. Mara ya kwanza Mzee Jayanti aliweka pambo jeusi pembezoni kwa heshima. Binti wa marehemu alipoona prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, alishika kiuno.

"Mzee, nani amekufa?"

"Mama yako, pole sana."

"Mama yangu ameshinda! Ameona vitukuu! Toa huo weusi, unataka watu wadhani ameondoka kijana?"

Weusi ukatolewa hapohapo. Toka siku hiyo tuliweka karatasi za kung'aa tayari.

Nyuma ya marobota ya karatasi alikodi kona mtu tuliyemwita Oga Mhariri. Oga kwa Kiyoruba ni bosi, na mhariri alikuwa kweli: alitoa gazeti dogo la jamii yao, upande mmoja Kiyoruba, upande wa pili Kiingereza. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya mtangazaji, na rafu yake ilijaa magazeti ya zamani ya Lagos aliyorithi kwa babu yake mwalimu. Chai ikishaiva alinivuta kwenye rafu hiyo kama anayenionyesha watoto wake.

"Tazama, Sista Rehema. Wamisionari walileta mashine ili tusome Biblia. Tukasoma. Kisha tukaichukua mashine, tukaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, kila mji na gazeti lake, kila mhariri na adui yake. Hapo ndipo tukawa watu wa kisasa!"

Alicheka mpaka miwani ikateleza. Akanionyesha gazeti la enzi ya mkoloni lenye safu mbili za lugha mbili, na wasomaji wanaojibizana kwa mashairi kuhusu bei ya nyama. Akanionyesha magazeti ya picha za vikundi vya maigizo, wahusika wana maneno yanayotoka mdomoni ndani ya viputo. Akanionyesha kalenda za vyama, picha za wazee zimepangwa kwa cheo, mwenyekiti juu, wengine chini yake. Zaidi ya vyote alipenda vitabu vyembamba vya historia ya miji. Walimu, makarani na wachungaji wa kule walikuwa wakiandika historia ya mji wao na kuichapisha kwa gharama zao, kwa kuwa mji usio na kitabu chake ulionekana umebaki nyuma.

"Mji wangu haujapata kitabu," aliniambia. "Nimekusanya masimulizi yake tangu nikiwa kijana. Nataka kukiona."

Alisema "kukiona" na mimi nilijua uzito wa neno lile. Macho yake yalikuwa yanakwenda. Daktari alimwambia ukweli: yanazibika polepole kutoka pembeni kuja katikati, na hayatarudi. Tayari alikuwa akigonga bega kwenye marobota. Kitabu kingechapwa hata akiwa haoni, lakini mtu aliyeishi kwa kurasa alitaka kukisoma kwa macho yake mwenyewe. Basi kiwanda kizima kikaingia haraka hiyo, hata Mzee Jayanti, ambaye kwa kawaida hakumharakishia mtu yeyote.

Kilichotuzuia ni ukurasa wa kwanza.

Mji wenyewe siutaji, ugomvi bado una joto. Nyumba mbili zinadai kuuanzisha. Nyumba ya kwanza inasema babu yao alikuwa mwindaji, alifika pale pakiwa pori, akawasha moto. Nyumba ya pili inasema babu yao alikuja na taji, na kabla ya taji hapakuwa na mji bali mtu na mbwa wake. Huko nyumbani kila nyumba husimulia ya kwake kwenye sherehe zake, na mji unaendelea na maisha. Maneno ya mdomo yana nafasi ya kukaa pamoja. Lakini kitabu kina ukurasa mmoja tu wa kwanza, na atakayetangulia hapo ametangulia kwa wote watakaosoma.

Peckham nyumba ya mwindaji ilisimamiwa na Baba Kola, dereva wa basi mstaafu mwenye kofia iliyolalia sikio moja. Nyumba ya taji ilisimamiwa na Alhaja, yaani mama aliyehiji, muuza vitambaa, aliyekuwa na duka hatua chache kutoka kwetu. Chama cha watu wa mji wao kilikubali kubeba gharama za kitabu, kwa sharti kwamba hao wawili waridhie. Wasiporidhia, hakuna kitabu. Oga Mhariri alijaribu kuanza na hali ya hewa ya mji. Baba Kola akasema hali ya hewa hiyo ni ya mwindaji. Akajaribu kuanza na mto. Alhaja akauliza nani aliupa mto jina.

Siku ya kikao cha mwisho waliketi kiwandani, mmoja huku na mwingine kule, meza ya kukunja katikati. Nilikuwa nimetengeneza kielelezo. Kielelezo ni kitabu tupu cha ukubwa kamili, kimekunjwa na kushonwa, ambacho humwonyesha mteja unene na umbo kabla hatujachapa chochote. Nilikiweka mezani pamoja na penseli ili waandike wenyewe wanataka nini kiende wapi.

Baba Kola alikivuta. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaandika jina la mwindaji kwa herufi kubwa.

"Nimemaliza," akasema. "Twende tukale."

"Umeandika kwenye karatasi tupu kama ulivyokuta pori tupu," alisema Alhaja. "Nipe hapa."

"Mama, usinifutie babu."

"Nani anataka kumshika babu yako? Ana harufu ya mbwa."

Alhaja aliketi upande wa pili wa meza, hivyo kitabu kilimwelekea kichwa chini. Hakujali kukizungusha. Alikiburura vilevile, akakilaza kifudifudi, akafungua jalada lililobaki juu, ambalo kwa Baba Kola lilikuwa la nyuma, akaandika jina la mwenye taji. Kisha akakisukuma katikati na kujifuta mikono.

Treni ikapita.

Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya meza, ninaona pande zote mbili. Nilikiona kitabu chenye ukurasa wa kwanza huku na ukurasa wa kwanza kule. Nikaikumbuka rafu ya baba yangu, vitabu vya Kiarabu na vya Kizungu vimesimama bega kwa bega, kila kimoja kinaanzia kwake. Kicheko kikanitoka kabla sijakizuia.

"Nini kinakuchekesha?" aliuliza Baba Kola.

"Nyote mko mbele," nikasema.

Oga Mhariri alinyoosha mkono, akakipapasa kielelezo. Akasoma upande mmoja, pua imekaribia karatasi. Akakipindua, akasoma upande wa pili. Akakipindua tena. Halafu yule mtu mzima akaruka juu kama timu yake imefunga bao.

"Jayanti! Jayanti! Inawezekana?"

Mzee Jayanti alikuja akifuta wino. Akakigeuza mara mbili. "Nusu ya kurasa zinasimama, nusu zinapinduka," alisema. "Sisi kila siku tunalaza hivyo. Tofauti ni kwamba safari hii hatuziamshi."

Ndivyo kilivyozaliwa kitabu cha milango miwili. Anzia huku, unasoma mwindaji mpaka katikati. Kipindue, anzia kule, unasoma taji mpaka katikati. Hakuna jalada la nyuma. Alhaja aliitikia kwa kichwa polepole, akauliza swali moja tu: "Kurasa zetu zitakuwa sawa?"

"Sawasawa," alisema Oga.

Hapo kazi ikawa ngumu kwa furaha. Masimulizi ya Alhaja yalipungua kidogo, akaja kiwandani kujazia. Alituzimisha mashine. Akasimama kati ya marobota na kuzighani sifa za nyumba yake, mistari inapanda na kushuka, Oga anaandika kwa kalamu nene ili aone anachoandika. Nilisahau gundi ikanikaukia vidoleni. Kesho yake Baba Kola akapata habari.

"Nasikia Alhaja aliimba. Na mimi nina za kuimba."

"Kurasa zako zimejaa, Baba."

"Basi ongeza kwake na kwangu."

Tukaongeza. Kisha Alhaja akaleta majina ya wanawake waliotawala soko. Baba Kola akaleta majina ya mbwa wa mwindaji, nayo yalikuwa mazuri ajabu. Mashindano yao yaliijaza historia kuliko utafiti wote wa Oga, na Oga alikuwa anacheka, lakini mimi nilikuwa namtazama. Alikuwa ameacha kumimina chai mwenyewe. Siku moja nilimkuta amekishika kipande cha prufu kando ya taa, anakisogeza huku na huku akitafuta sehemu ya jicho inayofanya kazi.

Nilimwendea Mzee Jayanti. "Wakiendelea kuongeza, kitabu kitatoka na mwenyewe haoni."

Mzee Jayanti alifuta wino mikononi. Alitoka, akaenda dukani kwa Alhaja, akamkuta Baba Kola pia anabishana bei ya kitambaa. Sikuwepo, lakini Alhaja alinisimulia baadaye. Mzee Jayanti aliwaambia: "Oga wenu anapofuka. Mnataka aone kitabu, ama mnataka aone mkishindana?"

Alasiri ile walikuja pamoja, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Baba Kola alivua kofia.

"Mwindaji ametosheka," alisema.

"Taji limetosheka," alisema Alhaja.

Likabaki jambo moja: katikati. Mahali nusu mbili zinapokutana, kurasa mbili zinatazamana moja imesimama na nyingine imepinduka. Ukiweka picha iliyosimama kwa mmoja, kwa mwingine imeanguka. Oga alikuwa na picha ya soko la mji wao, aliyoipiga baba yake kutoka dirisha la juu: vilemba, miavuli, marundo ya viazi vikuu, mbwa mmoja. Nilipendekeza tuilaze ubavu, ienee kurasa zote mbili. Aliyeanzia huku atakigeuza kitabu robo, na aliyeanzia kule atakigeuza robo vilevile.

"Ubavu upi?" aliuliza Baba Kola mara moja.

"Baba!" tulipiga kelele wote.

Siku ya mashine Oga alikuja amevaa suti. Nikavisha sahani, Mzee Jayanti akafungua wino, karatasi ya kwanza ikapita na kutua. Hata leo nikisikia mlio wa mashine ikichukua karatasi, moyo unaniruka vilevile. Nilimtolea lenzi yangu ya mkononi, ile ya kukagulia filamu, nikaiweka juu ya mstari wa kwanza. Akainama, jicho kwenye lenzi. Alisoma mstari mzima kwa sauti. Akazunguka meza, tukaiweka lenzi kwenye mstari wa kwanza wa upande wa pili. Akausoma nao.

"Nimekiona," alisema. "Sista Rehema, nimekiona." Lenzi ile sikumdai tena.

Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa, na kabla ya maombi Alhaja alisoma dua, mambo ambayo Wayoruba huyafanya bila kuulizana. Watu walicheza na nakala vichwani. Nilizungukazunguka kuona jinsi wanavyokishika, maana fundi huangalia mikono. Wa nyumba ya mwindaji walikifungua kwao, wa taji wakakifungua kwao, wakatambiana: "Sisi ndio tuko mbele!" "Pindua uone!" Baadaye nikawaona Baba Kola na Alhaja wameketi kiti kwa kiti. Nakala ilikuwa moja, wameifungua katikati. Ili waione picha, wote wawili walikuwa wameinamisha vichwa upande mmoja, kofia imegusa kilemba.

"Yule ni shangazi yangu," alisema Alhaja.

"Na anayemkopa ni baba yangu," alisema Baba Kola.

Gazeti la Oga liliendelea akisomewa na wengine, kisha akarudi kwao. Mzee Jayanti alipofunga tao lile nilihamia Croydon, kwenye kampuni ya mashine za kidijitali iliyozungukwa na majengo ya ofisi. Meneja wangu alikuwa kijana aliyenifundisha kwa upole kwamba hakuna tena filamu, wala sahani, wala gundi. Unaweza kuchapa nakala moja tu ukitaka, aliniambia. Alidhani atanikuta nalilia wembe wangu. Badala yake nilifurahi kama mtoto. Nakala moja! Zamani nakala moja ilikuwa ndoto ya mfalme. Wayoruba nao walinifuata mpaka kule na vijitabu vyao vya zambarau, sasa vimetumwa kwa simu, picha zimeshapangwa na binamu aliye Ibadan.

Nimestaafu, naishi Woolwich, sokoni wananijua. Watu huniuliza kama ninaikumbuka kazi. Naikumbuka, lakini sihuzuniki. Nimeona maandishi yakihama kutoka kwenye wembe hadi kwenye simu, na kila yalipohama, wale watu wa Peckham walikuwa wameshatangulia kuyapokea mlangoni, wakiwa na la kusema na mtu wa kubishana naye.

Binti yangu Mwanaisha alizaliwa hapa. Tangu mdogo nikimwambia neno kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, na tunaelewana hivyohivyo. Nilipoanza kuandika kumbukumbu hizi aliniuliza nani atazisoma. Nikamjibu, wewe. Akacheka. Baada ya wiki kadhaa akaniletea kurasa zake: namna mama yake alivyorudi nyumbani na wino kwenye kucha, na namna yeye alivyozionea aibu kucha hizo shuleni, na namna siku hizi anavyoutafuta wino ule akinishika mkono. Kwa Kiingereza, kote.

Basi nikatandika karatasi kubwa sakafuni, nikachukua penseli. Tumetoa nakala chache tu, za wajukuu na majirani. Ulianzia kwangu kwa sababu ulikishika hivyo. Mwenzako ameanzia kwa Mwanaisha, na kila mmoja wenu yuko mbele. Hapa umefika katikati. Ukifunua, kuna picha ya tao la reli, Mzee Jayanti mlangoni. Inamisha kichwa uione. Ukishaiona, pindua kitabu umsikilize binti yangu.